Seva Inapoamka Peke Yake

Tarehe 7 Juni 2016, karibu saa tano na nusu asubuhi, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule Mto Tana unakopita upande wa Mbeere, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ikaelemewa na mzigo, nayo ikajizima. Megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya nzima ikakaa bila stima kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Tumbili alitoka hai, akachukuliwa na maafisa wa wanyamapori.

Gitaru ni kituo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa maji nchini, megawati 225, na ni kimoja kati ya vitano vilivyopangana kwenye Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Watu wa Embu na Meru wanaishi jirani na maji yanayowasha taa za Nairobi, lakini ujirani huo hauwapi upendeleo wowote. Masika yakishika, mkaratusi mmoja ukiangukia waya kati ya Runyenjes na Chuka watosha kuzima sacco, maktaba na zahanati kwa pamoja. Na usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilizimika, baadhi ya majengo ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta yakiwemo.

Habari za magazeti huishia pale stima inaporudi. Mimi nataka kuanzia hapo, kwa sababu ndipo seva hupimwa.

Stima hairudi kwa ratiba ya fundi. Hurudi saa tisa usiku, ofisi imefungwa, mlinzi yuko getini na hajui chumba cha seva kiko wapi. Mashine inawaka. Kuanzia hapo hakuna anayeiambia kitu: itafuata yaliyoandikwa ndani yake siku nyingi zilizopita, mengine na mtu aliyekwishahamia kazi nyingine. Seva unayoiona mchana, ukiwa umeingia kwa nywila yako, ni seva iliyorekebishwa kwa mkono, huduma hii ikiwashwa Jumatatu, ile ikizimwa Alhamisi. Seva uliyo nayo kweli ni ile inayojijenga yenyewe kutoka sifuri bila mtu. Ndiyo maana somo la ngazi za uendeshaji katika Linux, ambalo wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani kisha wakalisahau, lina uzito mkubwa zaidi katika miji ya Meru na Embu kama Maua na Siakago kuliko katika miji ambayo stima haikatiki.

Somo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1983 kampuni ya AT&T ya Marekani ilitoa UNIX System V, na ndani yake mpango wa kuzipa hali za mashine namba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mholanzi Miquel van Smoorenburg aliuandika mpango huo kwa ajili ya Linux, na kwa karibu miaka 20 hakuna fundi wa seva aliyeukwepa. Ngazi 0 ni kuzima. Ngazi 1 ni ya fundi peke yake, bila mtandao, mahali pa kutengenezea kilichoharibika. Ngazi 6 ni kuzima na kuwaka upya. Katikati ndipo palipokuwa na mvurugano. Familia ya Red Hat iliifanya ngazi 3 kuwa ya seva kamili, yenye mtandao na skrini ya maandishi. Ngazi 5 ikaongezewa skrini ya picha. Ngazi 2 ikapunguziwa mambo ya mtandao. Ngazi 4 ikaachwa wazi. Debian ikaona hakuna haja ya ubaguzi huo: ngazi 2 hadi 5 zote zikawa sawa, na mashine ikawaka katika ngazi 2. Kwa hiyo mwanafunzi aliyejifunza namba kwenye CentOS, ya familia ya Red Hat, akaajiriwa penye Debian, alibeba jedwali lisilomfaa.

Kilichonipendeza katika mpango ule ni uwazi. Katika faili /etc/inittab kulikuwa na mstari mmoja, id:3:initdefault:, na huo ndio uliosema mashine iamke katika ngazi gani. Kisha programu ya kwanza kabisa, init, iliingia katika saraka ya rc3.d na kusoma majina ya viungo vilivyomo. Vinavyoanza na K viliua huduma, vinavyoanza na S viliiwasha, kwa mpangilio wa namba: S10network, S55sshd, S64mysqld, S85httpd. Amri moja ya ls ilikuonyesha asubuhi nzima ya mashine yako, hatua kwa hatua: mtandao kwanza, mlango wa fundi wa mbali, hifadhidata, mwisho tovuti. Hakuna aliyehitaji kitabu kuielewa.

Upungufu wake ulikuwa pale pale kwenye namba. Namba 64 hutangulia 85, basi. Haijui kama hifadhidata imekwisha kuwa tayari kujibu, wala haijui kama imekufa dakika mbili baadaye. Skripti ikirudi bila kulalamika, init iliamini kazi imekwisha.

Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walileta systemd. Fedora iliipokea mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014. Debian iligombana juu yake mpaka kamati ya ufundi ikagawanyika sawa kwa sawa Februari 2014, na kura ya mwenyekiti ndiyo iliyoamua. Debian 8 na Ubuntu 15.04 zikatoka nayo Aprili 2015, na waliokataa wakajitenga wakaunda Devuan. Niko upande wa systemd, na sababu yangu ni stima. Mashine inayozimwa ghafla na kuamka bila mtu inahitaji msimamizi anayejua nani anamtegemea nani, na anayemwinua aliyeanguka. Mpango wa namba haukuwa na uwezo huo.

Namba zenyewe hazikufutwa, zilipewa majina na kuitwa shabaha (target). Ngazi 1 ni rescue.target, ngazi 3 ni multi-user.target, ngazi 5 ni graphical.target. Amri ya systemctl get-default inakwambia seva yako huamkia wapi, na systemctl set-default inabadilisha. Nianze na hilo, kwa kuwa ofisi nyingi ndogo za huku hazina seva ya kununuliwa. Zina kompyuta ya mezani iliyopandishwa cheo, imewekewa Ubuntu ya kawaida yenye skrini ya picha. Mashine hiyo huamkia graphical.target, inakula memori kwa madirisha ambayo hakuna anayeyatazama, na katika baadhi ya matoleo mazingira ya picha ya GNOME huilaza mashine isipoguswa kwa dakika kadhaa, hata kama iko kwenye stima. Wafanyakazi wanaona mfumo umekata, mtu anagusa kibodi, mfumo unarudi, na lawama zinakwenda kwa mtandao. Seva iamkie multi-user.target. Asiyeweza kuiendesha bila panya ajifunze. Ni amri chache.

Kosa linalojirudia kuliko yote, hata hivyo, ni dogo kwa sura. Kuwasha huduma sasa ni jambo moja, kuiagiza iwake kila mashine inapoamka ni jambo la pili. systemctl start inafanya la kwanza, systemctl enable la pili. Zamani ilikuwa vivyo hivyo: service httpd start kwa sasa, chkconfig httpd on kwa kesho. Debian na Ubuntu huzifanya zote mbili zenyewe unaposakinisha huduma. Familia ya Red Hat haifanyi hata moja. Fundi aliyezoea Ubuntu anaweka hifadhidata ya MariaDB kwenye AlmaLinux, ya familia hiyo, anaiona haijawaka, anaandika start, inawaka, anafurahi, anapanda matatu kurudi Embu. Miezi sita inapita. Siku stima inapokatika na kurudi, hifadhidata haipo, na kwa kuwa mfumo umefanya kazi vizuri miezi yote hiyo, kila mtu anatafuta kilichoharibika usiku ule. Hakuna kilichoharibika. Huduma ile haikuwahi kuandikishwa. Andika systemctl enable --now na kosa hili halitakupata.

Mpangilio wa huduma ndio mgumu zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Chukua hazina ya kidijitali ya chuo kikuu, pale zinapowekwa tasnifu za wanafunzi wa uzamili. Vyuo vikuu vingi vya Kenya hutumia DSpace, programu iliyotoka MIT na Hewlett-Packard mwaka 2002. DSpace haisimami peke yake: data zake ziko PostgreSQL, faharasa ya kutafutia iko Solr, na yenyewe mara nyingi hukaa ndani ya Tomcat. Ikiamka kabla ya hifadhidata, inajaribu kuunganishwa, inakataliwa, na kutegemea ilivyopangwa inaweza kubaki imesimama hivyo: mchakato upo, ukurasa hauonekani. Mwanafunzi aliyeko Nchiru, Meru, anaona hitilafu. Fundi anaangalia systemctl status na kukuta rangi ya kijani.

Wengi wakifika hapa huandika After=postgresql.service na kuona wamemaliza. After ni mpangilio tu: ikiwa zote mbili zinawashwa, hii ifuate ile. Haimwiti yule wa kwanza. Requires inamwita lakini haipangi nani atangulie. Unahitaji zote mbili, na hata hizo zina mpaka, kwa sababu maana ya "amekwisha kuwaka" inategemea huduma yenyewe. Huduma ya aina ya notify hutoa taarifa ikiwa tayari kweli. Ya aina ya simple huhesabiwa imewaka mara tu mchakato unapozaliwa, kabla haujafanya lolote la maana.

Sasa angalia stima inaingilia wapi. Siku ya kawaida PostgreSQL iliyofungwa kwa adabu huwa tayari kwa sekunde chache, na hata mpangilio mbovu hupita bila kuonekana. Siku ilipokatwa ghafla, inapoamka lazima kwanza isome kumbukumbu zake za miamala na kurudia yale ambayo hayakufika kwenye diski. Wakati huo wote inawajibu wanaobisha kuwa bado inaanza. Kwa hiyo hitilafu ya mpangilio hujificha siku zote ambazo fundi yupo na kuijaribu kwa upole, ikajitokeza siku ambayo hayupo. Sijui aina ya hitilafu ya seva inayowachosha mafundi wa Embu na Meru zaidi ya hii.

Dawa ni kuacha kuamini kwamba mpangilio wowote utakuwa kamili, na kuipa kila huduma ruhusa ya kujaribu tena: Restart=on-failure. Lakini systemd kwa kawaida husubiri sehemu ya kumi ya sekunde tu kati ya jaribio na jaribio, na huduma ikianza mara tano ndani ya sekunde kumi inakata tamaa kabisa. Majaribio matano huisha kabla hifadhidata haijapiga hatua. Weka RestartSec=15 na StartLimitIntervalSec=0, na huduma itabisha kila robo dakika mpaka ifunguliwe. Maneno hayo mawili yangeokoa safari nyingi za boda boda. Hayaisaidii, bila shaka, ile huduma inayobaki imesimama bila kufa. Hiyo ipewe ukaguzi unaouliza ukurasa wenyewe kama unajibu, na kuiwasha upya usipojibu.

Wahandisi wa gridi wana nidhamu hiyo hiyo ya mpangilio na kusubiri baada ya nchi kuzimika: huanza na vituo vinavyoweza kujiwasha bila msaada wa nje, mara nyingi vya maji, kisha njia kuu, kisha wateja sehemu kwa sehemu, na hawaongezi mzigo mpaka wahakikishe uliopo umetulia.

Kuna mtego mwingine ambao kabla ya systemd haukuuma hivi. Ofisi hununua diski ya nje ya kuwekea nakala rudufu, fundi anaiandika katika /etc/fstab, na baadaye mhasibu anaichomoa akaifungie kabatini, jambo ambalo ni la busara. Mashine ikiamka inaitafuta diski hiyo kwa sekunde 90, haioni, inaamua kuna hatari, inajifungia katika hali ya dharura. Ni kama ngazi 1 ya zamani, bila mtu kuiomba. Mtandao hauko, ssh haiko, na kwenye skrini kuna ombi la nywila ya root. Ikiwa Debian ilisakinishwa root akiwa hana nywila, hata aliyesimama mbele yake hapati mlango. Neno moja, nofail, likiongezwa kwenye mstari wa diski ile, lingeiacha seva iendelee na kazi bila nakala rudufu kwa siku moja.

Gharama ya haya huonekana zaidi katika vituo vya afya. KenyaEMR, iliyojengwa juu ya OpenMRS kwa ajili ya kliniki za wagonjwa wa VVU na nyinginezo, katika vituo vingi hukaa kwenye seva iliyomo kituoni, kwa Java na MySQL. Hapo hakuna mhandisi. Yupo muuguzi na karani wa kumbukumbu. Asubuhi baada ya giza, karani anapiga simu mjini: "Fundi, mashine imewaka, lakini mfumo haufunguki." Wagonjwa waliotoka mbali kuchukua dawa za mwezi wamekaa kwenye benchi, na daftari linatolewa kabatini. Yanayoandikwa daftarini yataingizwa baadaye, ikiwa karani atapata nafasi. Ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaoliita suala hili la wapenzi wa kompyuta.

Na kabla ya systemd yenyewe kuamka, kuna uamuzi mmoja unaofanywa chini yake, katika BIOS: stima ikirudi, mashine iwake, ibaki imezimwa, au irudie hali iliyokuwa nayo? Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kubaki zimezimwa au kurudia hali. Hiyo ya kurudia hali inasikika nzuri mpaka UPS iingie. UPS iliyofungwa bila programu ya kuzungumza na seva, kama vile Network UPS Tools, inachelewesha tu kukatika ghafla kwa dakika kadhaa. Iliyofungwa vizuri huiamuru seva ijizime kwa adabu betri inapopungua. Sasa stima ikirudi dakika moja baada ya hapo, UPS haikuzimika kamwe, BIOS haikuona stima ikikatika, na seva inabaki imelala huku taa za ofisi zote zinawaka. Mpangilio kamili huitaka BIOS iwashe mashine kila stima inaporudi, na UPS ikate stima yake yenyewe mara seva inapomaliza kujizima, ili inapoirudisha BIOS ione imerudi. Hatua hiyo wengi huiruka.

Ruta na swichi nazo zina kasi yake. Seva ya leo yaweza kuamka kwa chini ya dakika. Ruta ya faiba inaweza kuchukua dakika mbili au tatu. Hakuna ngazi wala shabaha inayovuka ukuta wa mashine yako ikaisubiri ruta, na network-online.target hujua tu kwamba kadi yako ya mtandao imepangika, haijui kama Nairobi inafikika. Betri ya saa kwenye ubao mama ikiwa imekufa, mambo huzidi: mashine inaamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, haiwezi kuuliza saa sahihi kwa kuwa mtandao bado, na risiti za kwanza za sacco zinaandikwa kwa tarehe ambayo mwanachama hakuwa amejiunga. chrony-wait.service, ikiwa umetumia chrony na umeiandikisha kwa enable, huizuia hifadhidata isianze kabla saa haijanyooka, mradi uiambie hifadhidata ifuate time-sync.target. Betri yenyewe ni bei ya chakula cha mchana.

Vyuo vyetu bado vinafundisha ngazi 0 hadi 6, na mtihani wa LPIC-1 bado unaziuliza pamoja na shabaha za systemd. Sina ugomvi na hilo; namba zinampa mwanafunzi ramani ya kwanza. Ugomvi wangu ni kwamba mafunzo huishia kwenye jedwali. Mwanafunzi wa Embu hupewa seva pepe ndani ya kompyuta yake, akaiwasha na kuizima kwa amri safi, akapata alama. Hajawahi kuichomoa. Namshauri mhadhiri aichomoe mbele ya darasa, hifadhidata ikiwa katikati ya kuandika, kisha awaulize wanafunzi ni huduma gani itarudi ya mwisho na kwa nini.

Wenye seva halisi wafanye vivyo hivyo mara moja kwa mwaka, na mwezi wa pili unafaa, kabla ya masika. Chagua Jumamosi mchana, waarifu watu, chukua nakala rudufu na uhakikishe inasomeka kwenye mashine nyingine. Kuwasha upya kwa amri ya reboot hakutoshi, kwa sababu hifadhidata hufungwa kwa adabu na hitilafu iliyojificha itaendelea kujificha. Chomoa waya wa seva, wa ruta na wa swichi. Subiri dakika tano, rudisha zote kwa pamoja, kisha kaa kwenye meza ya karani, mbali na chumba cha seva, na ujaribu kufungua mfumo kama yeye anavyoufungua Jumatatu. Baada ya dakika kumi ingia kwa mbali, uandike systemctl --failed, kisha systemd-analyze critical-chain uone nani alimsubirisha nani. Weka matokeo ya amri hizo mbili kwenye karatasi ukutani kando ya seva, pamoja na namba ya simu ya fundi wa pili.